z-index: 41, usiguse

Wiki yangu ya kwanza kazini nilikuta mstari huu kwenye CSS (lugha ya kupanga sura ya tovuti) ya kichwa cha ukurasa: z-index: 41; /* usiguse */. Basi. Z-index huamua kipi kikae juu ya kingine, lakini kwa nini 41 na si 40, hakuna aliyeandika. Nikaugusa. Jioni mteja wetu, mfanyabiashara wa dagaa, akapiga simu akiwa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, katikati ya magunia: "Kijana, bei zimepanda!" Nikampa pole. Akafoka. Kumbe jedwali la bei lilikuwa limepanda juu ya jina la duka lake kwenye simu.

Mdogo wangu unayeanza, kodi (si ile ya TRA) utaizoea haraka. Kitakachokusumbua ni ukimya wa waliokutangulia.

Ofisini kwetu Kirumba tulikuwa watatu. Mmoja aliandika komenti (maelezo ya watu, ambayo kivinjari hukiruka) kwa Kiingereza, mwingine kwa Kiswahili, mimi sikuandika kabisa, nikijiona mjanja. Yule wa kwanza alitokea kwenye Sass, lugha inayogeuzwa kuwa CSS, ambako // ni komenti halali. Kwenye CSS ya kawaida si komenti. Ukiandika

// rangi ya kitufe
color: white;

kivinjari kinaona tamko bovu, kinalitupa lote mpaka nukta mkato inayofuata, na rangi yako inakwenda nalo. Hakuna onyo lolote kwenye ukurasa. Tulipoteza asubuhi nzima kwa mistari miwili.

Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ipitishe CSS mwaka 1996, komenti inafunguliwa kwa /* na kufungwa kwa */. Uandike nini ndani ni shauri lenu. Wapo waliojaribu kuweka kanuni: CSSDoc iliazima alama za @ kwa mtindo wa JavaDoc wa lugha ya Java, na KSS inataka maelezo ya kawaida yenye namba ya sehemu, ili programu ikutengenezee mwongozo. Tulizisoma zote. Kwa watu watatu, zilikuwa mtumbwi wenye injini ya meli.

Tukakaa siku umeme umekatika, tukajaza ukurasa mmoja wa daftari. Kila sehemu ya faili ianze na jina lenye alama ya sawasawa, mfano =VITUFE, ili ukitafuta herufi hizo ufike papo hapo. Namba yoyote isiyojieleza iandikiwe sababu yake, na lini inaweza kufutwa. Color: red usiiandikie "rangi nyekundu", macho tunayo.

Tulibishana zaidi juu ya lugha. Nilitaka Kiswahili kitupu, hata majina ya klasi, yale tunayobuni wenyewe. Nikashindwa, na nakiri .kitufe-kikuu kando ya background-color ilikuwa inakwaza. Majina yakabaki Kiingereza, sababu zikaandikwa kwa Kiswahili, maana anayezisoma saa tano usiku ni mmoja wetu. Jina la mwandishi na tarehe hatuweki, Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, inavikumbuka.

Ule mstari ukawa hivi:

/* Jedwali la bei lina z-index 40 kwa sababu safu yake ya juu huganda ukurasa ukisogezwa. Kichwa lazima kilizidi. Jedwali likiacha kuganda, futa. */
z-index: 41;

Mwezi uliopita kijana mgeni aliondoa kuganda kwa jedwali, akasoma komenti, akaufuta mstari. Hakuniuliza. Mteja hakupiga simu.