Mwanangu, ipokee filimbi

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama ukubali ombi la klabu, uache kucheza hurling, mchezo wetu wa Ireland wa fimbo na mpira mdogo, ukasomee urefa. Kubali. Lakini kwanza nisikilize.

Mshahara hakuna. Hata anayechezesha fainali kwenye uwanja wa Croke Park, Dublin, mbele ya watu zaidi ya 80,000, kesho yake anarudi kwenye kazi yake, sawa na wachezaji wenyewe. Hurejeshewa gharama za safari, basi.

Halafu kuna Jimmy Cooney, mtu wa hapa hapa Galway. Mwaka 1980 alitwaa ubingwa wa Ireland akiwa mchezaji. Agosti 1998 akachezesha marudio ya nusu fainali ya ubingwa huo, kaunti ya Clare na kaunti ya Offaly. Clare, mabingwa watetezi, wakiwa mbele kwa pointi tatu, akapuliza filimbi ya mwisho. Kumbe zilibaki kama dakika mbili. Na wewe unajua dakika mbili za hurling: goli moja tu ni pointi tatu. Mashabiki wa Offaly wakashuka, wakaketi kwenye nyasi, wakagoma kutoka. Mechi ikarudiwa mjini Thurles wiki moja baadaye. Offaly wakashinda, na mwezi uliofuata wakabeba kombe. Leo ukimtaja Cooney, watu wanataja saa yake, si kombe lake la 1980. Linaniuma sana hilo.

Mwaka jana, kiwanja cha mtaani, baba mmoja alimtukana refa kijana wa rika lako. Nilikuwa karibu. Niliona kalamu inamtetemeka akiandika jina la mchezaji kwenye kadi. Aliliandika mpaka mwisho, akaanzisha mpira. Nilitamani kumpa maji.

Mbona basi nasema kubali? Ulipokuwa na miaka tisa ulirudi nyumbani unalia, timu yenu imeshinda. Ukaniambia goli lile uliingiza mpira kwa kuurusha kwa mkono na refa hakuona. Wenzako walikuwa wanakula aiskrimu. Sijalisahau.

Utahitaji waamuzi wa goli wanne, wawili kila upande, wenye makoti meupe: bendera ya kijani kwa goli, nyeupe kwa pointi, mpira ukipita juu ya mwamba wa goli. Marefa wengi huja na watu wao, ndugu na marafiki wa klabu. Watatu watafute wewe. Nafasi ya nne niwekee mimi, na uniambie tarehe mapema nibadilishane zamu kazini.

Mama yako