Indiketa ya kulia haishiki

SWALI: Jambo sana, Baba Fundi. Marehemu baba ameniachia Volkswagen Coccinelle ya 1972. Indiketa za kushoto zinawaka na kuzima vizuri. Za kulia zinafanya kazi nikiushikilia mkono wa indiketa kwa kidole. Nikiuachia tu, unarudi katikati. Fundi mmoja wa mtaani anataka kukata waya aniwekee swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi. Nikubali?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Usikubali, mwanangu. Swichi ya kubonyeza haijizimi yenyewe ukimaliza kona. Utasahau, utashuka barabara nzima taa ya kulia ikiwaka, na kijana wa pikipiki aliye nyuma yako ataamini unakata kulia. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Ugonjwa wenyewe umeshautaja. Kushoto kunawaka, kwa hiyo rilei (kile kidude kinachoziwasha na kuzizima indiketa) na fyuzi ni nzima. Kulia kunawaka ukishikilia, kwa hiyo balbu na waya za upande huo nazo ni nzima. Kilichochoka ni kile kipande ndani ya swichi kinachoushika mkono usirudi. Usiruhusu mtu akuuzie rilei.

Kabla ya kulipia swichi, peleka ile ya zamani dukani uzilinganishe: idadi ya waya, plagi, matundu ya skurubu. Spea nyingi zinatufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na huko ng'ambo gari zina usukani kulia, wakati yako ina usukani kushoto.

Kazi inaanzia chini ya kiti cha nyuma, betri ilipo. Toa waya wa hasi kwanza. (Ukiwa hapo, tazama kama betri bado ina kifuniko chake. Kama hakipo, tafuta kingine leo hii: abiria mzito akikaa, springi za kiti zinagusa betri, na Coccinelle zimeungua kwa sababu hiyo.)

Nyoosha magurudumu ya mbele. Bandua kifuniko cha katikati ya usukani, chomoa waya wa honi, fungua nati kwa spana ya 27. Kabla ya kuvuta usukani, chora alama kwenye usukani na kwenye ncha ya mhimili wake, ili meno yarudi palepale. Chini yake utakuta skurubu 4 zinazoshika swichi. Kwenye gari za Kijerumani waya mweusi wenye mstari mweupe ni wa kushoto, mweusi wenye kijani ni wa kulia. Lakini gari ya umri huu imeshapita mikononi mwa wengi, basi piga picha kwanza. Funga kamba kwenye waya za zamani kabla ya kuzivuta. Kamba hiyo ndiyo itakayopitisha waya mpya.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wanalipuuza. Unaporudisha usukani, mkono wa indiketa lazima uwe katikati kabisa. Ukiwa umeinama upande, kile kijino cha kuurudisha kinavunjika siku hiyohiyo, na swichi mpya imekufa kabla ya kutumika. Nati kaza kwa nguvu ya Nm 50 (newton-mita), kwa spana ya kupimia.

Rudisha betri, washa indiketa ya kulia, zungusha usukani kulia kisha uurudishe. Mkono ukirudi wenyewe, hesabu mimuliko: kati ya 60 na 120 kwa dakika ni sawa. Ikikimbia kupita hapo, angalia balbu na ardhi ya taa (pale taa inapounganishwa na bodi ya gari), maana vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia hadi ndani ya vishikio vya balbu.