Jibu: Corolla ya 1998 inakula oili, nihamie 20W-50?

Ndugu, nimekuelewa: oili inashuka kabla ya servisi, na fundi wako anataka uweke nzito, yaani 20W-50 (namba hizi huonyesha uzito wa oili). Mimi singekimbilia huko. Fuata kitabu cha gari. Kama kilipotea, 10W-30 au 10W-40 hufaa injini nyingi za umri huo. Joto la Kisumu linaruhusu 20W-50, ila huchelewa kupanda injini ikiwa baridi, na haitibu ugonjwa, inauficha tu.

Tafuta kwanza inakopotelea. Laza katoni chini ya gari usiku. Ikilowa, kuna mahali panavuja. Moshi wa buluu ukitoka unapowasha asubuhi tu, shuku sili za valvu, zile raba zinazozuia oili isiteremke ndani ya silinda. Ukiendelea kutoka hata ukikanyaga mafuta kupanda kilima cha Riat, huenda ringi za pistoni (zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda) zimechoka: mwone fundi mwenye kipimo cha kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, kabla hujanunua chochote.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa usiiguse, hata ikiwa nusu bei. Angalia kijiti cha kupimia oili kila Jumamosi, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, egesha uzime injini papo hapo, hata kama ni Kondele saa kumi na moja jioni na matatu zinakupigia honi.