Kotisoli nyingi bila dalili za Cushing
Ndugu, umeuliza inawezekanaje vipimo vionyeshe kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ni nyingi mno ilhali mgonjwa hana uso wa mviringo wala michirizi ya zambarau ya ugonjwa wa Cushing, unaotokana na kotisoli kuzidi mwilini. Sababu mojawapo, ingawa ni nadra sana, ni ukinzani wa kurithi dhidi ya homoni hiyo, ambao madaktari wa Uholanzi waliueleza mwaka 1976. Kasoro huwa katika jeni ya NR3C1, yenye maelekezo ya kuunda kipokezi cha kotisoli ndani ya seli. Kipokezi kisipoitikia ipasavyo, ubongo na tezi ya pituitari huchukulia kwamba homoni imepungua, ACTH, homoni ya pituitari inayochochea tezi za adrenali, huongezwa, nazo tezi hizo, zikichochewa mfululizo, huzalisha pia homoni nyingine zinazopandisha shinikizo la damu, kupunguza potasiamu na, kwa wanawake, kuotesha nywele usoni na kuvuruga hedhi. Ninalolihofia zaidi ni mgonjwa wa namna hii kudhaniwa ana Cushing, kisha akafanyiwa upasuaji asiouhitaji. Wenye dalili hupewa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli lakini haibakizi chumvi mwilini, kwa dozi inayopangwa na daktari bingwa ili ACTH ishuke.