Upande wa Pili wa Santuri

Swali la juma hili linawataka wasomaji waeleze santuri ya kwanza waliyoinunua na jinsi ilivyowafundisha kupenda muziki wanaoupenda hadi leo. Yangu ilikuwa ya Shirati Jazz, bendi ya Daniel Owino Misiani, nami niliinunua Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa pesa nilizopata kwa kuchuma majani chai kule Nandi wakati wa likizo. Hata hivyo, kilicholea sikio langu zaidi ni upande wa pili wa santuri ile, ambao wanunuzi wengi waliuchukua kama nyongeza tu.

Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba santuri ndogo za inchi 7, zilizozunguka mara 45 kwa dakika, hazikuwa na nafasi ya wimbo mrefu. Kila upande ulibeba dakika chache, basi nyimbo nyingi za rumba na za benga, muziki wa magitaa ulioanzia kwa Wajaluo, zilikatwa vipande viwili, na karatasi ya katikati ikaandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Upande wa kwanza ulikuwa wa mwimbaji, mwenye kisa chake na majina ya watu aliowasifu au kuwaombolezea. Ukishaigeuza santuri, maneno yalipungua na magitaa yakatawala, la kwanza likikimbia juu, la pili likilijibu, na besi ikirukaruka kati yao bila kuchoka. Upigaji huo ulitokana na nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, ambayo mtindo wake wa kudonoa nyuzi ulihamishiwa kwenye gitaa.

Mimi ni mtu wa Vihiga, na siku hizo Kijaluo changu kiliishia kwenye salamu na bei za sokoni. Naamini jambo hilo lilinifaa. Wenzangu wa upande wa Maseno walikifuata kisa, wakacheka na kusikitika mahali palipostahili, ilhali mimi sikuwa na la kufuata isipokuwa nyuzi. Tena nyumbani kwetu tulikuwa tumelelewa na nyimbo za George Mukabi wa eneo la Kisa, aliyefariki mwaka 1963, ambaye gitaa lake kavu, lisilotumia umeme, lilisindikizwa na mlio wa chupa ya soda iliyogongwa. Mtu aliyekulia katika muziki huo humsikiliza mpigaji kabla hajamsikiliza mwimbaji.

Duka nililolipenda lilikuwa katika barabara ya Oginga Odinga, na spika yake ilielekezwa mtaani, hivi kwamba ulianza kuchagua kabla hujaingia. Mteja aliruhusiwa kusikiliza kwanza. Wengi walisikiliza ubeti mmoja wakalipa; mimi nilimwomba muuzaji aanze na sehemu ya pili, naye alipokwisha kuzoea ombi langu alianza kuniwekea kando santuri zilizokuwa na magitaa mazuri. Ndiye aliyenionyesha kwamba karatasi ya katikati husomwa yote, pamoja na jina la aliyeitoa santuri. Nilianza kuyatafuta matoleo ya Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyeisambaza benga mbali sana, hata watu wa Zimbabwe wakauita muziki huo kanindo. Kutoka hapo niliwafikia George Ramogi na Victoria Jazz, kisha Wakongo waliohamia Nairobi, kama vile Les Mangelepa na Super Mazembe.

Kijijini hatukuwa na umeme. Kinanda chetu cha santuri kilitumia betri, nazo zilipoishiwa nguvu tulizianika juani ili zifufuke kidogo. Betri zikidhoofika, santuri huzunguka polepole, na sauti ya mwimbaji huwa nzito kama ya mtu anayesinzia. Watu wa nyumbani walichukia hali hiyo na kuniambia nizime, lakini mimi niliingoja, kwa sababu hapo ndipo gitaa la pili lilipojitenga na la kwanza, nikaweza kulifuata noti kwa noti na kutambua kwamba mpigaji huyo, ambaye jina lake mara nyingi halikuandikwa popote, ndiye aliyeushikilia wimbo mzima. Tangu wakati huo, nikisikia bendi yoyote, namtafuta yeye kwanza.

Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980 nilifurahi kuzisikia sehemu mbili zikifuatana bila mtu kunyanyuka kwenda kugeuza. Lakini kaseti zilinakiliwa ovyo, na mapato ya wanamuziki na ya waliotoa santuri yakapukutika.

Kinachoniuma sasa ni redio. Watangazaji wetu huzipenda nyimbo hizi, na nawashukuru kwa hilo, lakini mara nyingi wao hucheza sehemu ya kwanza, wakamtaja mwimbaji, kisha wakaizima sauti pale pale magitaa yanapoanza. Hata kwenye simu, wanaopandisha nyimbo za zamani mitandaoni mara nyingine huweka upande mmoja tu. Kijana anayeionja benga kwa njia hiyo atadhani ni muziki wa masimulizi yenye gitaa la kupitishia muda. Ninawaomba wenye santuri hizo, popote walipo Kisumu, Kakamega au Nakuru, wanaponakili wimbo wainakili na sehemu ya pili, na wayasome majina yote yaliyo kwenye karatasi.