Kabla hujafunga giaboksi, jua nini kimeila klachi

Gari likiingia gereji linanuka klachi, kijana mgeni hukimbilia jeki. Anashusha propela, anashusha giaboksi na transfa yake (kisanduku kinachogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma), anatoa pleti ya klachi iliyoliwa, anaweka mpya, anafunga. Jioni mwenye gari anaondoka anacheka. Baada ya miezi michache yuko palepale getini, na safari hii hacheki.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kushika spana hapa Dodoma, ambako kazi nyingi tunazopata ni Land Cruiser mkonga, Hilux na Defender za kazi. Ni magari yanayopanda Mpwapwa, yanayoingia mbuga za Bahi wakati wa masika, yanayobeba zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi. Kiangazi yanakula vumbi na mchanga wa makorongo, mvua zikianza Desemba yanaogelea tope. Klachi ya gari la namna hiyo ni nadra kuisha kwa uzee tu. Kuna kitu kimeimaliza, na kama hukukitafuta, pleti mpya uliyofunga itakwenda njia hiyohiyo.

Anza kabla hujalala chini ya gari. Washa injini, gia iwe huru, usikanyage pedeli, sikiliza. Mlio ukiwepo na ukapotea unapokanyaga, beringi ya shafti ya kuingilia kwenye giaboksi inaelekea imechoka. Mlio ukianza unapokanyaga, mshuku wa kwanza ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedeli, na baada yake pailoti, beringi ndogo ya ncha ya shafti. Mwambie mwenye gari hapohapo, kabla ya bolti ya kwanza kulegea, kwa sababu bei ya kufungua giaboksi lenyewe si bei ya klachi. Ukimwambia vitu vikiwa vimeshatandazwa chini, ataona unamkamua.

Gari kutovuta: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta kidogo, achia klachi. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kunguruma, inateleza. Jaribu mara moja tu. Ukirudiarudia unaiunguza mwenyewe.

Gia kuingia kwa shida, hasa rivasi kukwaruza, ni ugonjwa mwingine kabisa, na hapa ndipo giaboksi nyingi hushushwa bila sababu. Fungua kwanza kofia ya mpira ya masta ya chini, silinda ndogo ya mafuta iliyo kwenye giaboksi. Kukiwa na unyevu wa mafuta ya breki, umemaliza nusu ya kazi. Panda ndani, pitisha kidole nyuma ya ubao juu ya pedeli, uone kama masta ya juu inavuja. Pima na uchezaji wa pedeli: kwa Toyota nyingi za klachi ya mafuta, pedeli huchezea milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kusukuma klachi. Ikiwa haichezi kabisa, rilizi beringi inakaa imeegemea vidole vya presha pleti (bamba la springi linalobana pleti) saa zote, na klachi inateleza hata kama lainingi, tabaka la msuguano kwenye pleti, bado ni nzima.

Kuhusu kushusha sitasema mengi, mtajifunza kwa kushikishwa. Piga alama kwenye flanji za propela ili zirudi kama zilivyokuwa. Na giaboksi, likitoka au likirudi, lisining'inie kwenye shafti yake hata dakika moja. Uzito wote ule unaegemea kitovu cha pleti, na pleti ikipinda huioni kwa macho.

Ukishafungua, usipulizie kwa kompresa. Vumbi la lainingi ni baya kwenye mapafu, na lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji au dawa ya kusafishia breki. Mafundi wakubwa watakucheka, waache wacheke.

Sasa chukua pleti kuukuu, toka nayo juani, uitazame. Watu huitupa kwenye kona ya vyuma chakavu, na hapo ndipo wanapotupa jibu.

Ikiwa imelika sawasawa pande zote mbili na ribiti, vipini vinavyoshikilia lainingi, zinakaribia kugusa, basi imefanya kazi yake. Kwa Toyota kikomo ni kina cha milimita 0.3 kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha ribiti; pima kwa mkia wa vernia (kipimo cha fundi cha milimita).

Ikiwa imelowa mafuta, inuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na inanuka moshi. Ya kwanza inatoka sili ya mbele ya giaboksi, ya pili sili ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini. Badilisha sili, lakini pitisha pia ukucha pale midomo ya sili inapokalia shafti: kukiwa na mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Kuna jambo moja la huku kwetu ambalo vitabu hulipitia haraka. Giaboksi lina bomba la kupumulia. Gari likizama kwenye tope la Bahi, bomba linaziba. Oili ikipata moto, hewa ndani inatanuka na kusukuma oili kupita kwenye sili ambayo haina kosa lolote. Nimeona gari lililobadilishiwa sili na klachi mara mbili kwenye gereji tofauti, na hakuna aliyegusa bomba hilo. Lilikuwa limejaa udongo mkavu, mgumu kama tofali. Waya mwembamba na hewa ya kompresa vilitosha.

Lainingi ikiwa inang'aa kama kioo, na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo pleti hukalia) ina madoa ya buluu, hiyo imeungua. Dereva ameweka mguu juu ya pedeli safari nzima, au alikuwa anajinasua mchangani kwa gia kubwa ya transfa. Ikiwa ina michirizi na unga mwekundu au mweusi wa udongo, tope limeingia ndani: angalia mpira unaoziba tundu la uma ya klachi (mkono unaosukuma rilizi beringi), mara nyingi umepasuka au haupo kabisa. Kwenye Defender kuna tundu la kutolea maji na oili chini ya nyumba ya klachi lenye kizibo chake. Kizibo hufungwa kabla ya kuvuka maji na kutolewa baadaye ili oili ikivuja ionekane na itoke. Madereva wengi hawajui kama kipo. Wengine hukifunga na kukisahau, oili inajikusanya humo mpaka inafika kwenye lainingi.

Kitovu cha pleti kikiwa kimelegea, springi zinacheza, meno yamelika upande mmoja, mtafute pailoti. Ni beringi ndogo, ya bei ndogo, na ndiyo inayoshika ncha ya shafti isiyumbe. Kuiacha ya zamani eti bado inazunguka ni ubahili ambao sijawahi kuuelewa.

Presha pleti nayo ina ya kusema. Tazama vidole vya springi pale beringi inaposukuma: alama ikizidi kina cha milimita 0.6 au upana wa milimita 5, imekwisha. Vidole vyote viwe kimo kimoja. Tofauti ikipita nusu milimita, klachi itatetemeka wakati wa kuondoka.

Flaiwili ndiyo wengi huiruka kwa kuwa inahitaji mguu wa kwenda kwa fundi wa kukereza. Lakini pleti mpya juu ya uso wenye mabonde inashika kwa vilele tu. Itaungua na kutetemeka tangu siku ya kwanza. Kukiwa na nyufa ndefu, tafuta nyingine. Kukiwa na madoa na mabonde madogo, peleka ikachongwe kidogo iwezekanavyo. Zipo flaiwili ambazo sehemu ya kufungia presha pleti na sehemu inayoguswa na lainingi haziko kimo kimoja. Kwa hizo, mwambie mchongaji wazi kwamba kinachotolewa pa moja kitolewe na pa pili, vinginevyo presha pleti inapoteza nguvu ya kubana nawe utalaumu spea. Na flaiwili ya vipande viwili vyenye springi kati, kama ya Ford Ranger za miaka ya karibuni, haichongwi. Ikilegea inabadilishwa, hata kama bei yake itamliza mteja.

Spea ni mtihani wake. Wapo wanaovalisha pleti kuukuu lainingi mpya kwa ribiti. Kwa pikapu ya mjini inayorudi nyumbani kila jioni, sina ugomvi. Kwa Land Cruiser linalolala porini, simfungii mtu. Nauli ya kulifuata gari lililokwama inazidi alichookoa. Ukinunua mpya, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Hesabu meno ya kitovu, linganisha upana, na kabla hujalipia hela ya mtu, hakikisha inaingia na kuteleza kwenye shafti. Boksi lenye maandishi mazuri si ushahidi wa kitu.

Kufunga: nawa mikono kwanza, kwa sabuni. Alama ya vidole vyenye grisi kwenye lainingi inatosha kuleta mtetemo. Kitovu kilichotokeza kikae upande wa giaboksi. Pleti nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili, soma. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka kwa ncha ya kidole, kisha ingiza pleti, itoe, futa iliyobaki, kwa sababu inayozidi itarushwa kwenye lainingi. Kwa kusawazisha katikati, shafti kuukuu ya giaboksi la aina hiyohiyo ni chombo bora kuliko vingi vya dukani. Kaza bolti za presha pleti kwa kuvuka upande huu na ule, kidogokidogo, mzunguko mmoja kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho unapinda presha pleti. Toyota nyingi za aina hii zinataka nguvu ya kukaza ya Nm 19 hivi, ambayo ni ndogo kuliko mkono wa kijana mwenye nguvu unavyodhani. Tumia spana ya torki.

Kwenye masta weka mafuta ya breki, basi: DOT 3 kwa Toyota, DOT 4 kwa Defender. Ukikuta dereva alijazia oili ya injini huko njiani, mipira yote imevimba, badilisha yote. Kisha toa hewa.

Kabla ya kukabidhi funguo, zungumza na dereva mwenyewe, si bosi peke yake. Mwoneshe gia ndogo ya transfa. Transfa ya LT230 iliyomo kwenye Defender nyingi hupunguza mwendo mara 3.32 katika gia ndogo, na mzigo ule wote klachi haiubebi tena kwa kuteleza. Kwenye mchanga aweke gia ndogo mapema, apunguze upepo wa matairi, aachie pedeli moja kwa moja. Kilomita 500 za mwanzo asivute gari la mtu.

Pleti kuukuu mpe aondoke nayo. Na kwenye karatasi ya kazi andika kilichoiua, si ulichobadilisha tu: "sili ya krenki ilivuja", "bomba la kupumulia liliziba", "imeungua kwa kuteleza". Magari mengi hapa ni ya ofisi, na dereva asiyekuwa na kosa hukatwa mshahara kwa klachi iliyouawa na sili.