Pati za fratenati Marekani: jibu kwa mleta uzi ambaye mdogo wake anakwenda chuo

Mkuu mleta uzi, salamu. Umesema mdogo wako ana miaka 18, Agosti anaanza chuo Marekani, ameshaanza kuongelea kujiunga na fratenati, na bi mkubwa hapati usingizi kwa habari alizoziona YouTube. Wachangiaji wengi hapo juu wanakwambia umkataze. Mimi nimesoma huko, nilikuwa mwanachama, na kwenye tawi letu nilikabidhiwa kazi ya kusimamia usalama wa shughuli zote. Naomba nieleze kwa mapana kidogo, maana mtu mzima huwezi kumfungia akiwa ng'ambo ya bahari. Cha kumpa ni kujua.

Kwa wasiozifahamu, fratenati ni vyama vya wanafunzi wa kiume na sororiti ni vya wa kike. Vinaitwa kwa herufi za Kigiriki, vingi vina nyumba karibu na chuo, vina makao makuu ya kitaifa, ada, na bima. Pati ni sehemu ndogo tu ya maisha yao, ila ndiyo sehemu inayoua.

Sasa, pati inayowatisha wazazi ni ile ya watu mia mbili na muziki unaosikika mtaa wa pili. Inatisha kweli, lakini vifo vilivyowalazimisha wabunge kubadilisha sheria vilianzia mahali pengine: kwenye usiku wa kuwapokea wanachama wapya. Timothy Piazza, miaka 19, wa chuo kikuu cha Penn State, Februari 2017 alinyweshwa pombe mfululizo usiku wa kupokelewa Beta Theta Pi, akaanguka kwenye ngazi za kushukia chini ya nyumba. Kamera za ndani zilirekodi. Wenzake walimbeba wakamlaza kwenye kochi, wakamwekea begi la vitabu mgongoni ili asigeuke chali akapaliwa na matapishi. Simu ya 911, namba ya dharura ya Marekani, ilipigwa asubuhi, karibu nusu siku tangu aanguke. Alifariki Februari 4. Septemba mwaka huohuo, Max Gruver, miaka 18, alikufa kule chuo kikuu cha Louisiana State baada ya wanachama wapya wa Phi Delta Theta kuulizwa maswali kuhusu chama, anayekosea anakunywa. Kiwango cha pombe kwenye damu yake kilikuwa 0.495. Kikomo cha dereva katika majimbo karibu yote ni 0.08.

Nirudi kwenye lile begi la vitabu, kwa sababu ndilo lililonifanya niikubali ile kazi. Mtu aliyelifunga alijua kwamba hali ni ya hatari. Alijua mpaka namna mtu aliyelewa anavyoweza kufa. Alichokosa ni ujasiri wa kupiga simu, kwa hofu ya polisi, chuo na makao makuu, na hofu ya kuwaangusha "ndugu". Ndiyo maana mimi nalipima tawi kwa jambo moja kabla ya mengine yote: mtu akizimika, nani ana ruhusa ya kupiga 911 bila kumuuliza yeyote? Jibu sahihi ni kila mtu, hadi yule aliyejiunga jana. Tawi ambalo lazima kwanza rais wa tawi atafutwe, awaite wakubwa wenzake, wajadiliane, ni tawi la kukimbia hata kama lina nyumba nzuri kuliko zote.

Sheria nazo zimesogea upande huo. Majimbo mengi yana kinga kwa anayepiga simu kumwombea mwenzake msaada wa daktari, hata kama mpigaji mwenyewe hajafika miaka 21, umri wa kisheria wa kunywa huko, na amekunywa. Pennsylvania iliweka kinga ya namna hiyo kwenye sheria ya 2018 iliyopewa jina la Piazza. Masharti yanatofautiana kati ya jimbo na jimbo, lakini kwa kawaida ni kubaki na mgonjwa, kutoa jina lako na kushirikiana na wanaokuja. Dogo aisome ya jimbo lake kabla hajapanda ndege.

Kwetu kazi ilianza siku kadhaa kabla ya pati. Orodha ya wageni ilifungwa mapema, na asiyekuwepo haingii hata kama ni binamu wa rais. Mlango mmoja tu wa kuingilia. Mlangoni kitambulisho, kisha utepe wa mkononi kwa wenye miaka 21. Kila mtu analeta bia zake, anaziacha kaunta, anachukua moja moja. Ndoo za pombe za kuchanganya zilikuwa mwiko kabisa, kwa sababu hakuna anayejua glasi moja ina nini na kiasi gani. Pombe kali haikuingia. Tangu Septemba 2019 umoja wa fratenati wa NIC unakataza kinywaji chochote chenye kileo kinachozidi asilimia 15 kwenye nyumba za wanachama wake, isipokuwa kiuzwe na mfanyabiashara mwenye leseni. Na walikuwepo watu wa zamu ambao hawaonji hata tone: mlangoni, kaunta, kwenye ngazi, na mmoja wa kuzunguka tu.

Utaratibu huu mwingi ulitokana na kampuni za bima, na wako vijana wanaouchukia kwa sababu hiyo. Mimi sioni ubaya. Tawi likivunja masharti bima inaweza kugoma kulipa, na kesi ikamwangukia kijana mwenyewe na wazazi wake. Hilo linawaamsha watu ambao mawaidha hayajawahi kuwaamsha.

Shida inayobaki ni kwamba wageni wanakunywa mabwenini kwanza. Usiku mmoja wa zamu yangu binti aliingia akitembea vizuri, anacheka. Baadaye nikamkuta amekaa kwenye ngazi, kichwa ukutani. Rafiki zake wakaniambia amechoka tu, wamuache alale. Nilimwita, nikamfinya bega, hakufumbua macho. Mikono ilikuwa baridi. Nikaweka kiganja juu ya tumbo lake na kuangalia saa ya simu: pumzi, kimya kirefu, pumzi. Ukiona chini ya pumzi 8 kwa dakika, au ukimya wa sekunde 10 na zaidi kati ya pumzi mbili, hakuna tena kusubiri. Rafiki mmoja alinishika mkono akilia kwamba binti ana miaka 19, atafukuzwa. Nikamwambia alie huku ameshika kichwa chake kisidondoke. Tulimlaza kwa ubavu, nikapiga simu. Anwani ya nyumba tulikuwa tumeibandika nyuma ya kila mlango kwa herufi kubwa, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa, na watu wanaoishi humo miaka miwili hawajui namba ya nyumba yao. Mmoja alisimama barabarani na tochi. Binti alipona, na hakufukuzwa.

Huo usemi wa "muache alale" ndio sumu yenyewe. Ini linasafisha takriban kinywaji kimoja kwa saa, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5; bia yetu ya nusu lita tayari inapita hapo. Pombe iliyoko tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata mtu akiwa amezimika, kwa hiyo hali ya saa ijayo inaweza kuwa mbaya kuliko ya sasa. Kahawa, maji ya baridi, kumtembeza, vyote havisafishi damu. Na wasimpakie kwenye gari la rafiki. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Missouri, Oktoba 2021, alipelekwa hospitali hivyo, akafika moyo umesimama. Alinusurika, lakini bila kuona, bila kutembea wala kuongea.

Kama una dada naye anakwenda, ajue kwamba sororiti za umoja wa NPC haziruhusu pombe kwenye nyumba zao. Matokeo yake pati zinafanyika kwa wanaume, na wao ndio wanaoshika mlango, vinywaji na vyumba vya juu. Wiki za mwanzo za muhula, Agosti hadi Novemba, ndizo zenye visa vingi vya udhalilishaji wa kijinsia. Sisi tulifunga ghorofa ya vyumba na kuweka mtu ngazini. Dada aende na wenzake na arudi nao.

Vyama tisa vya wanafunzi weusi, kama Alpha Phi Alpha ya 1906, vingi havina nyumba kubwa, na hatari yake zaidi ni vipigo vya siri kwa wapya. Umoja wao ulifuta rasmi kipindi cha majaribio kwa wapya (pledging) mwaka 1990, lakini kuna matawi yamekiendeleza kichinichini.

Kwetu Waafrika kuna hofu mbili zaidi zinazozuia simu: bili na viza. Gari la wagonjwa linaweza kuleta bili ya zaidi ya dola elfu moja, kwa hiyo ulizeni mapema bima yake ya mwanafunzi inalipa kiasi gani. Kuhusu viza, kwa upande wa pombe kinachojulikana kuihatarisha ni kukamatwa ukiendesha gari umelewa. Hapo inaweza kufutwa hata kabla ya hukumu. Kumpigia mwenzako 911 si kosa la uhamiaji.

Kabla hajakubali mwaliko wowote, awaulize usiku wa mapokezi unakuwaje. Wakijibu ni siri, ashukuru aondoke. Pia kuna sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inayovitaka vyuo vichapishe taarifa za vyama vilivyopatikana na hatia ya kuwatesa wapya. Nitajie chuo chake, hata kwa ujumbe wa faragha, nikuelekeze pa kuitafuta kwenye tovuti yao mkaisome pamoja na bi mkubwa.